Kabla ya Kuuliza "Distro Gani?"



Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, ndiyo maana wengi hawakushtuka. Ziliwaka kesho yake kama kawaida. Kilichokatika ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikiingia kila mwezi. Tundu jipya likigunduliwa ndani ya mfumo ule sasa linabaki wazi, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, na mpango huo kwa watu binafsi unaishia Oktoba 2026.

Windows 11 nayo ina masharti yake: chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, Secure Boot, RAM isiyopungua GB 4, na sharti lililowaumiza wengi hapa kwetu, yaani prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel orodha hiyo, ukiacha chache sana, huanzia kizazi cha nane. Sasa tazama laptopu tunazonunua. Nyingi zinazopangwa kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi zilishatumika maofisini Ulaya na Ghuba kabla ya kutufikia. Ukiweka ThinkPad T470 na T480 meza moja utapata shida kuzitofautisha, lakini ya kwanza kwa kawaida ina prosesa ya kizazi cha sita au saba na ya pili cha nane. HP EliteBook 840 G3 na G4 zimeachwa nje, G5 ikaingia. Mashine ni nzima, kibodi yake nzuri kuliko ya laptopu mpya za bei hiyo hiyo, betri inabadilishika, RAM inaongezeka. Kwa hesabu za Microsoft imezeeka.

Hapo ndipo mtu anaposikia kuna kitu kinaitwa Linux, kisha anamwendea fundi na swali moja: "Niweke distro gani?" Nitalijibu, msiwe na wasiwasi, ila nitalichelewesha, kwa sababu halistahili kuwa la kwanza. Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba mpangilio wa kuhama una uzito kuliko jina la unakohamia. Anayebadili programu zake kwanza akiwa bado ndani ya Windows, akajaribu sura ya eneokazi, halafu ndiyo akachagua distro, huyo hukaa. Anayeanza na distro kwa sababu ameiona inang'aa YouTube hurudi Windows upesi, tena na kinyongo juu.

Kwa wageni wa mambo haya niseme kidogo. Linux hasa ni kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na prosesa, diski na kadi ya mtandao. Aliianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Inafanya kazi pamoja na zana za mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, na juu yake linakaa eneokazi, halafu programu. Kikundi kinachovikusanya vyote, kikavipima vikiwa pamoja na kuvitolea masasisho, ndicho chenye distro. Kwa hiyo ukichagua distro hujachagua sura ya skrini, kwa sababu eneokazi moja lapatikana kwenye distro nyingi. Wala hujachagua programu, kwa sababu LibreOffice na Firefox ziko kote. Umechagua nani atakuletea masasisho, kwa kasi gani, na kwa miaka mingapi. Ni kama kuchagua muuza maziwa: rangi ya chupa si kitu, muhimu ni kama atafika kila asubuhi.

Mfano ninaoupenda kuhusu mpangilio wa kuhama unatoka kwa polisi. Gendarmerie ya Ufaransa ina vituo mpaka vijijini, na askari wake hawakuajiriwa kwa ajili ya kupenda kompyuta. Mwaka 2005 walianza kuondoa Microsoft Office na kuweka OpenOffice. Mwaka 2006 wakaweka Firefox kwa ajili ya intaneti na Thunderbird kwa barua pepe. Chini ya programu hizo Windows XP ilikuwa bado ipo, hakuna aliyeigusa. Askari akaandika ripoti zake, akalalamika, akazoea. Halafu ikaja Windows Vista, ambayo ingewalazimu kuwafundisha watu upya hata kama wangebaki Microsoft. Mwaka 2008 wakaanza kuweka Ubuntu, na toleo lao wakalipa jina la GendBuntu. Aliyewasha kompyuta asubuhi ile alikuta mandhari mpya na menyu mpya, lakini kazi yake aliifanya kwa programu zile zile alizokwisha kuzizoea. Hivi leo ni makumi ya maelfu ya kompyuta, na hawajarudi nyuma.

Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua kuhama mwaka 2003, likatangaza kumaliza mwaka 2013 likiwa na kompyuta zipatazo 15,000, na mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Habari hii husimuliwa sana na wanaotaka kuthibitisha kwamba Linux haifai ofisini. Mimi naisoma vingine. Idara za jiji zilikuwa na mafundi wao na taratibu zao, nyaraka zenye makro za miaka mingi, na mawasiliano ya kila siku na ofisi za nje zinazotumia Microsoft Office, ambako faili lilikwenda na umbo hili likarudi na umbo lile. Siasa ya jiji nayo ilikuwemo, tena si kidogo. Hakuna hata moja kati ya matatizo hayo ambalo lingetibika kwa kung'oa Ubuntu ukaweka Fedora. Yalikuwa matatizo ya nyaraka, watu na utawala, na yangewafuata kokote.

Basi tushuke kwenye meza yako wewe. Chukua karatasi, uandike kila programu unayoifungua katika wiki ya kawaida ya kazi. Usiandike unazozipenda wala ulizowahi kuziweka. Andika unazozifungua. Wengi hushangaa kuona karatasi inajaa kivinjari. Kuwasilisha ritani TRA, kuingia eCitizen kwa walioko Kenya, kuomba mkopo wa chuo, kusoma barua pepe, kutazama benki: yote hayo siku hizi hufanyika ndani ya Firefox au Chrome, na vivinjari hivyo ni vile vile kwenye Linux. WhatsApp haina programu rasmi ya Linux, ila WhatsApp Web ipo. Zoom ina toleo lake. Microsoft waliiondoa programu ya Teams ya Linux mwaka 2022, wakabakiza ile ya kivinjari, na kwa mikutano yetu ya kawaida inatosha.

Zinazofuata ni programu za ofisi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wanapoanguka wengi.

Weka LibreOffice leo, ukiwa bado kwenye Windows. Ni ya bure, na ndiyo mrithi hai wa OpenOffice tangu mwaka 2010 wasanidi walipojitenga. Itumie kwa kazi zako za kweli kwa mwezi mzima huku Word ikiwa karibu kwa dharura. Utagundua kwamba barua, mitihani, kumbukumbu za vikao na bajeti za kawaida hazina shida. Tatizo la kwanza linalojitokeza, na ambalo huwafanya watu wailaumu programu bure, ni fonti. Calibri ilikuwa fonti ya kawaida ya Word kuanzia toleo la 2007 kwa zaidi ya miaka 15, na ni mali ya Microsoft. Linux haiji nayo. Mfumo ukiikosa huweka nyingine yenye herufi pana au nyembamba zaidi, mistari inasogea, na tasnifu yako iliyokuwa ya kurasa 92 inakuwa ya 95, jedwali la yaliyomo likabaki linadanganya. Dawa ipo. Fonti iitwayo Carlito imechorwa kwa vipimo vile vile vya Calibri, Caladea kwa vipimo vya Cambria, na familia ya Liberation kwa Arial, Times New Roman na Courier New. Hakikisha zimo kwenye kompyuta na kurasa zitatulia. Kisha jenga tabia nyingine: kinachokwenda kusomwa tu, kipeleke kama PDF. Faili la Word mpe yule tu atakayelihariri.

Kwa waandishi wa Kiswahili LibreOffice ina zawadi ndogo, kamusi ya kukagua tahajia ya lugha yetu. Vijana hawajui, lakini kazi hii ina historia hapa hapa nyumbani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili tangu juu mpaka chini. Sisi tuliokuwepo tulidhani ndani ya miaka mitano kila ofisi ya serikali itakuwa nayo. Haya.

Turudi kwenye karatasi. Kuna mistari itakayogoma, na ni afadhali igome sasa kuliko ukiwa umeshafuta Windows. Mwalimu wa taaluma mwenye faili la Excel la matokeo lililojaa makro, asidhani LibreOffice Calc itaziendesha zote. Baadhi zitakwenda, nyingine zitakataa kimya kimya, na kukataa kimya kwenye alama za wanafunzi ni hatari. Mhasibu mwenye kitabu kizima ndani ya programu ya Windows, au mtu mwenye hifadhidata ya Access, ana mazungumzo marefu ya kufanya kabla ya kuhama. Mchoraji wa AutoCAD hana AutoCAD ya Linux. Ipo Wine, iliyoanza mwaka 1993, inayoziendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, na kwa programu ndogo za zamani hufanya maajabu. Lakini sishauri mtu aweke mshahara wake juu ya Wine.

Wenye steshenari nimewaona mnanyanyua shingo. Kadi za mchango na za harusi mnazitengeneza kwenye Publisher, na picha za pasipoti mnazikata kwenye Photoshop. Kwa Publisher nina habari mbaya isiyohusiana na Linux: Microsoft wenyewe wametangaza kuiondoa ifikapo Oktoba 2026. Mtahama mpende msipende, basi jaribuni Scribus na Inkscape mapema, zote hufanya kazi na kwenye Windows. Kuhusu Photoshop nitasema jambo ambalo wapenzi wa Linux hawapendi nilitamke. GIMP, hata baada ya toleo la 3.0 la mwaka 2025, si Photoshop. Kukata picha ya pasipoti, kubadili mandhari ya nyuma kuwa bluu, kupanga picha nane kwenye karatasi moja: inatosha kabisa. Mtu anayelipwa kwa kusafisha picha za maharusi mia kwa wikiendi, vidole vyake vikijua njia za mkato za Photoshop kwa miaka kumi, asijitese. Abaki na mashine moja ya Windows kwa kazi hiyo.

Mkishamaliza karatasi, njooni kwenye eneokazi. Hiki ndicho utakachokitazama saa nane kwa siku, na ajabu ni kwamba watu hukipa dakika mbili.

Cinnamon, inayotengenezwa na watu wa Linux Mint, ina menyu kona ya chini kushoto, upau wa kazi chini, saa kulia. Aliyetoka Windows 7 au 10 hana cha kujifunza siku ya kwanza. Si ya kuvutia kwenye picha, na wakosoaji huiita ya kizamani. Kwangu hiyo ni sifa. Ilizaliwa baada ya GNOME 3 ya mwaka 2011 kubadili kila kitu na watu wengi kukataa kufundishwa upya namna ya kufungua dirisha.

KDE Plasma nayo huanza na sura ya Windows, ila kila kitu ndani yake kinageuzika. Aliyetaka upau uende juu, dirisha lilale kushoto, rangi zibadilike usiku, atapata kitufe chake. Uzuri huo ndio ubaya wake kwa mtu asiyejizuia. Nimeona kijana anahariri vivuli vya madirisha wiki nzima na ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo haijaanza. Lakini ina kitu kimoja kinachotufaa sana sisi watu wa simu: KDE Connect. Simu na kompyuta zikiwa kwenye Wi-Fi moja, hata kama Wi-Fi hiyo haina bando, unahamisha picha na faili bila waya na bila kula data.

GNOME ni ya mtu aliyetoka kwenye Mac, au anayetumia sana kibodi na pedi ya kugusa. Katika hali yake ya asili haina ikoni kwenye eneokazi wala kitufe cha kupunguza dirisha, na hiyo ni makusudi ya walioiunda. Ubuntu huilainisha kwa kuweka upau wa programu upande wa kushoto. Ukiipenda utaipenda mno, ukiichukia usijilazimishe.

Xfce ni ya mashine zenye RAM ya GB 4 au pungufu. Nyepesi, haina mbwembwe, haikushangazi. Ila nisikudanganye kwamba wepesi wa eneokazi utaiokoa kompyuta dhaifu: ukifungua vichupo ishirini vya Chrome, RAM inaliwa na Chrome. Mwenye laptopu ya diski ya kuzunguka atanufaika zaidi akiweka SSD, hata ya GB 240, kuliko akijaribu maeneokazi kumi.

Unazijaribu vipi bila kuharibu kitu? Hii ndiyo sehemu ambayo Windows haikukuzoeza. Distro nyingi unaweza kuziwasha moja kwa moja kutoka kwenye flashi, ukazitumia, ukazima, na diski yako ikabaki kama ilivyokuwa maadamu hujabonyeza kitufe cha kusakinisha. Programu iitwayo Ventoy hukuruhusu kuweka faili za distro kadhaa kwenye flashi moja, kila moja ukaichagua wakati wa kuwasha. Faili la Linux Mint ni takribani GB 3 na la Ubuntu linakaribia GB 6, kwa hiyo pakueni kwa bando la usiku, au mnakiliane. Mkinakiliana, linganisheni namba ya SHA256 ya faili na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya distro. Kwenye Windows amri ya certutil huikokotoa. Namba zikitofautiana hata kwa herufi moja, tupa faili hilo.

Ukiwa ndani ya flashi usipime kasi, kwa sababu flashi ni polepole kuliko diski. Pima vifaa. Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kamera? Vitufe vya mwanga wa skrini? Funga kifuniko, subiri, fungua: imeamka? Chomeka printa ya ofisini uchapishe ukurasa mmoja. Printa za HP mara nyingi hukubali mara moja, na nyingi za miaka ya karibuni zinazochapisha kupitia mtandao hazihitaji draiva ya pekee, lakini kuna printa za bei ndogo ambazo watengenezaji hawajazijali, na hizo ni vyema uzijue mapema. Baadhi ya kadi za Wi-Fi za Broadcom na Realtek husumbua. Ikitokea, unganisha simu kwa waya wa USB, washa ugawaji wa intaneti, na mfumo utaupata mtandao ili upakue draiva. Laptopu zenye kadi ya Nvidia zinahitaji draiva yake, ambayo Mint na Ubuntu huiweka kwa kubonyeza tu. Mac zenye chipu za Apple ni habari nyingine: mradi wa Asahi unazihudumia za M1 na M2, lakini huko si pa kuanzia mgeni.

Sasa distro. Niliahidi.

Kama unatoka Windows na una laptopu ya kawaida, weka Linux Mint yenye Cinnamon. Kama RAM ni ndogo, Mint ile ile yenye Xfce. Sababu yangu ni masasisho. Mint hujengwa juu ya matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu, yanayotoka kila miaka miwili mwezi Aprili na kuhudumiwa kwa miaka mitano. Katika kipindi hicho unapata viraka vya usalama bila sura ya kompyuta kubadilika chini ya mikono yako. Inakuja pia na Timeshift, inayohifadhi hali ya mfumo kwa tarehe fulani ili sasisho likiharibu kitu urudi jana. Timeshift kwa mpangilio wake wa kawaida haihifadhi faili zako binafsi. Hizo zinataka diski ya nje, na hapo sina huruma na mtu.

Ubuntu yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, bado ni chaguo zuri, hasa mahali ambapo kila mtu anaitumia. Wakongwe mnakumbuka CD zake za bure zilizokuja kwa posta mpaka vyuoni kwetu, hadi mwaka 2011. Kinachonikera ni mfumo wake wa vifurushi vya snap: Firefox huja kwa njia hiyo tangu toleo la 21.10, na kwenye diski za zamani kuifungua mara ya kwanza ni kusubiri. Debian ni mama wa wote hawa, tulivu, na kwa seva au kwa fundi ni tamu. Mgeni ataona imeacha mambo mengi aamue mwenyewe. Fedora hutoa toleo jipya kila miezi sita na kulihudumia kwa takribani miezi 13, inafaa kwa mashine mpya na kwa msanidi programu anayetaka vitu vya karibuni. Arch husasishwa mfululizo bila matoleo. Ni nzuri kwa kujifunza, ila kwa anayenunua bando la siku ni kuchoma pesa. Usisahau pia kwamba vifurushi vya Flatpak, njia nyingine ya kupata programu kwenye distro nyingi, hubeba maktaba zake, hivyo programu ndogo inaweza kukupakulia mamia ya megabaiti mara ya kwanza. Penye chaguo, chukua toleo la apt, yaani la hazina ya kawaida ya Mint au Ubuntu.

Baada ya yote hayo kuna kigezo kinachoyashinda, nacho hakimo kwenye video yoyote: rafiki yako anatumia nini? Kama fundi wa mtaa wako, mwalimu wa maabara au binamu yako anatumia Ubuntu kila siku, weka Ubuntu, hata kama mimi nimekusifia Mint kwa nusu saa. Siku printa itakapogoma saa kumi na moja jioni na mteja amesimama mlangoni, utamhitaji aliyewahi kuliona tatizo hilo kwenye skrini inayofanana na yako. Shule inayoweka maabara ya kompyuta 20 iweke distro moja na eneokazi moja kwenye zote, na jina la mtu wa kuziangalia liwe limeandikwa ukutani.

Wapo wasiopaswa kuhama, niwataje bila aibu. Mcheza gemu wa Valorant au Fortnite abaki, kwa sababu mifumo ya kuzuia udanganyifu ya gemu hizo haikubali Linux, ingawa gemu nyingi nyingine za Steam huchezeka vizuri tangu Proton, zana ya kuendesha gemu za Windows ndani ya Linux, ilipokuja mwaka 2018. Mwajiriwa ambaye kompyuta ni ya ofisi abaki mpaka ofisi iamue. Mwanafunzi aliyebakiza majuma machache kuwasilisha tasnifu, tafadhali, asiguse chochote mpaka awasilishe. Na anayetumia Windows ya kukraki kwa kuwa ni ya bure, ajue kwamba vile viprogramu vya kuiwezesha huomba ruhusa zote za mfumo na vimekuwa njia ya kuingizia virusi. Huyo ningependa ahame kabla ya wengine wote.

Mwenyekiti ameruhusu maswali. Ninayachapa mawili hapa kwa kuwa majibu yake yanawafaa wengi.

Mwalimu mmoja aliuliza kama anaweza kuwa na Windows na Linux ndani ya laptopu moja. Ndiyo, mwalimu, na kwa miezi ya mwanzo ni busara. Kabla ya kugawa diski fanya mambo matatu ukiwa ndani ya Windows. Nakili faili zako kwenye diski ya nje. Tazama kama diski imefungwa kwa BitLocker, na kama imefungwa andika ufunguo wa kuirejesha mahali nje ya kompyuta hiyo, kwa sababu kugusa mipangilio ya bayosi kunaweza kuufanya mfumo uudai. Kisha zima kile kinachoitwa Fast Startup. Kikiwa kimewashwa Windows haizimiki kabisa bali inalala, na Linux itakuonyesha faili za upande ule bila kukuruhusu kuzihariri.

Kijana mmoja kutoka nyuma alisema tayari anayo mifumo miwili, na kila akitoka Linux kuingia Windows saa inarudi nyuma kwa saa tatu. Alidhani betri ndogo ya ubao mama imekufa na fundi alishamuuzia nyingine. Betri ilikuwa nzima, ndugu yangu. Linux huandika kwenye saa ya ndani ya kompyuta muda wa kimataifa wa UTC, na Windows huusoma muda huo ikidhani ni wa hapa. Sisi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya UTC, ndiyo maana tofauti yako ni tatu kamili, haipungui wala haizidi. Fungua terminali ndani ya Linux, andika timedatectl set-local-rtc 1, bonyeza Enter, weka nenosiri ukiombwa, kisha rudi Windows urekebishe saa mara moja ya mwisho.